Dashibodi Isipoitikia: Kutafuta Kosa la Mawasiliano ya CAN Kuanzia Kwenye Waya

Alasiri moja kijana wa chuo alifika kwenye karakana yangu hapa Kizota, Dodoma, akiwa amebeba dashibodi ya mtumba ndani ya kiroba, bodi ya Arduino, moduli ndogo ya buluu ya CAN, yaani ya ule mtandao ambao maboksi ya gari huzungumzia, na kompyuta yake. Baada ya shikamoo, maneno yake ya kwanza yalikuwa, “Fundi, msimbo wangu hauna kosa. Nimeukagua wiki nzima, lakini dashibodi haijibu.” Nilimwuliza kama alikwisha kupima omu kati ya nyaya zake mbili za mawasiliano, naye akanitazama kana kwamba nimemwuliza bei ya zabibu.

Mawasiliano kati ya maikrokontrola, kama ile iliyo kwenye Arduino, na dashibodi yamepangwa kwa tabaka. Chini kabisa kuna waya, juu ya waya kuna kasi, juu ya kasi kuna kuitikiwa, na juu kabisa kuna maana ya baiti zenyewe. Tabaka la juu haliwezi kufanya kazi iwapo la chini limekatika, na dalili ya kosa katika tabaka lolote ni ileile moja, yaani kimya. Ndiyo maana anayeanzia juu, kwenye msimbo, huishia kurekebisha kisichoharibika mpaka nacho kikaharibika kweli. Utaratibu ninaoueleza hapa unaanzia chini na haupandi tabaka lolote kabla kipimo cha tabaka lililotangulia hakijatoa jibu.

Kwa neno dashibodi nakusudia kile kibao cha mita kilicho mbele ya dereva, chenye mshale wa mwendo, mshale wa mizunguko ya injini, geji ya mafuta na taa za tahadhari. Katika magari ya sasa kontroli boksi ya injini na maboksi mengine hutangaza namba kwenye nyaya mbili zilizosokotwa, CAN H na CAN L, na dashibodi husikiliza ikachukua inazozihitaji. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuubuni mtandao huu mwaka 1983, ikautangaza hadharani mwaka 1986, na mwaka 1993 ukawa kiwango cha kimataifa kwa namba ISO 11898. Kwenye nyaya hizo hakuna bwana wala mtumwa. Kila kituo kinaweza kusema, vyote husikia, na ujumbe uliofika salama huitikiwa papo hapo na waliousikia, hata kama hawana haja nao. Kuitikia huko ndiko kutakakotupa dalili nzuri kuliko zote huko mbele.

Je, kuna CAN hapo?

Magari mengi tunayoyatengeneza hapa ni ya mtumba kutoka Japani, na mengi kati ya yale yaliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayana CAN kwenye soketi ya uchunguzi. Inama chini ya usukani na tochi, utazame soketi yenye nafasi 16. Nafasi ya 6 ni ya CAN H, ya 14 ni ya CAN L, ya 4 na ya 5 ni za ethi, na ya 16 ni ya betri moja kwa moja. Ikiwa nafasi ya 6 na ya 14 hazina chuma ndani lakini ya 7 inacho, gari hilo huzungumza na mashine ya kupimia kwa waya mmoja, kwa njia ya zamani, na moduli yako haitasikia kitu hata uombe dua. Dashibodi ya gari la namna hiyo mara nyingi hupokea mapigo ya umeme yanayotokana na sensa ya mwendo, na kuiendesha ni kazi nyingine kabisa.

Katika magari mapya zaidi hutokea kinyume chake. CAN ipo na ni nzima, lakini kati ya soketi na mtandao wa ndani kumewekwa boksi la lango lisilopitisha matangazo, hivyo anayesikiliza tu husikia kimya. Hapo inakubidi uulize. Injini ikiwa inanguruma, tuma ujumbe wenye kitambulisho 0x7DF (0x huonyesha namba ya heksa, yaani ya msingi wa 16) na baiti 02 01 0C zikifuatwa na sifuri tano, nayo kontroli boksi itajibu kwa 0x7E8. Jibu lenye baiti 04 41 0C 0B B8 limebeba namba 0x0BB8, yaani 3,000. Igawanye kwa 4 upate mizunguko 750 kwa dakika, ambao ni mwendo wa injini iliyotulia. Baadhi ya magari hutumia kwa maswali haya vitambulisho virefu vya biti 29, kwa hiyo kimya cha 0x7DF peke yake hakijathibitisha kwamba mtandao umekufa. Wala usichanganye majibu haya na matangazo ya ndani. Nimewaona watu wakiitumia dashibodi iliyo mezani ujumbe wa 0x7E8, kisha wakashangaa mshale umelala, ilhali mshale huo husikiliza vitambulisho vingine ambavyo mtengenezaji wa gari amejichagulia.

Umeme na omu

Mezani dashibodi huhitaji angalau nyaya tatu kabla ya CAN, nazo ni umeme wa betri wa kudumu, umeme wa swichi na ethi. Wengi huunga betri na ethi tu, dashibodi ikawasha taa moja mbili au isiwashe hata moja, kisha ikalala. Dashibodi iliyolala haiitikii ujumbe wa mtu yeyote. Mpe kila mmoja kati ya waya wa betri na waya wa swichi volti 12 zake, na uweke fyuzi ndogo, kwa mfano ya ampia 2, ili kosa la kuunga liunguze fyuzi na si saketi. Pini ipi ni ipi utaijua kwenye mchoro wa nyaya wa gari lenyewe, si kwa kubahatisha rangi, kwa sababu rangi ileile hutumika kwa kazi tofauti katika magari ya kampuni moja.

Nakutahadharisha jambo moja ambalo haliko kwenye michoro: dashibodi inayoonyeshwa mwendo wa uongo mezani huhesabu kilometa kama iliyo barabarani. Ikiwa utairudisha kwenye gari la mtu, usiiache ikikimbia kilometa 120 kwa saa usiku kucha.

Sasa zima umeme wote. Weka maltimita kwenye omu, ncha moja kwenye CAN H na nyingine kwenye CAN L. Mtandao wa CAN hufungwa kwa rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho, na zikiwa sambamba unatakiwa kusoma karibu omu 60. Ukisoma 120, mwisho mmoja hauna rezista au waya umekatika kabla ya kuufikia. Ukisoma 40, kuna rezista tatu, na hilo hutokea sana mezani kwa kuwa moduli nyingi huja na rezista yake tayari, ama imechomelewa au imewekewa kijiti cha kuunganisha. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Ukisoma maelfu ya omu, hakuna rezista hata moja. Kipimo hiki ukikifanya umeme ukiwa umewaka utapata namba isiyo na maana, kwa sababu maltimita hupima omu kwa kupitisha mkondo wake mdogo, na mkondo huo utachanganyika na ule wa mtandao.

Ili ujue dashibodi imebeba nini ndani, ipime ikiwa peke yake, imechomolewa kwenye kila kitu. Nyingine zina omu 120 ndani kwa kuwa ndani ya gari zilikaa mwishoni mwa nyaya, na nyingine hazina kwa kuwa zilikaa katikati. Ya kijana yule ilisoma maelfu. Moduli yake ilikuwa na rezista, kijiti kikiwa kimewekwa, kwa hiyo mtandao mzima ulisoma 120. Tuliongeza rezista moja ya omu 120 upande wa dashibodi, maltimita ikasoma 60.4. Alitabasamu, akawasha, na dashibodi ikaendelea kukaa kimya. Nilimwambia asikate tamaa, kwa sababu kwa nyaya fupi kama zile, kukosa rezista moja pengine kusingeliua mtandao. Tulikuwa tumeondoa kosa, lakini kosa lenyewe lilikuwa bado.

Kwa mezani, nyaya za sentimita 30 zilizosokotwa pamoja zinatosha. Usitumie zile nyaya za majaribio ndefu za rangi rangi, zisizosokotwa, zikitapakaa juu ya meza karibu na chaja za simu.

Volti

Washa umeme, uweke maltimita kwenye volti za mkondo mnyoofu, ncha nyeusi kwenye ethi. Mtandao usipokuwa na mazungumzo, CAN H na CAN L zote hukaa karibu volti 2.5. Kituo kinaposukuma biti yenye nguvu, H hupanda hadi kama 3.5 na L hushuka hadi kama 1.5. Maltimita haiwezi kufuata kasi hiyo, hivyo huonyesha wastani. Mtandao wenye mazungumzo husoma, kwa mfano, 2.7 kwenye H na 2.3 kwenye L, na tofauti hiyo ndogo ndiyo dalili kwamba kuna mtu anayesema. Zote zikisoma sifuri, transiva, yaani vijenzi vinavyosukuma na kusoma volti za nyaya hizo, hazina umeme. Moja ikisoma karibu na volti 12, chomoa haraka, kwa maana umeunga waya wa betri mahali pasipo pake. H ikisoma chini ya L wakati kuna mazungumzo, umezipishanisha nyaya. Kuzipishanisha hakuunguzi kitu, ila kila upande utauona ujumbe wa mwenzake kama utulivu mtupu.

Hapa ndipo ethi inapowatesa wengi. Dashibodi inapata umeme kwenye chanzo cha volti 12, Arduino inapata kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, na hakuna waya unaounganisha ethi hizo mbili, kwa sababu mtu amesoma kwamba CAN hutazama tofauti ya nyaya mbili tu. Ni kweli hutazama tofauti, lakini transiva huvumilia kupanda na kushuka kwa nyaya zote mbili kwa pamoja ndani ya mipaka fulani tu, na kompyuta iliyo kwenye chaja isiyo na ethi inaweza kuvuka mipaka hiyo. Unga ethi na ethi kwanza. Baada ya hapo, kompyuta ikichomolewa kwenye chaja na mambo yakabadilika, bado una tatizo la ethi.

Upande wa moduli kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba waya wa TX (wa kutuma) wa kontrola, yaani kijenzi kinachopanga na kusoma jumbe, huenda kwenye TXD ya transiva, na RX (wa kupokea) huenda kwenye RXD. Hazipishanishwi kama tulivyozoea kwenye mawasiliano ya siriali, na aliyezoea siriali huzipishanisha bila kufikiri. Hili linawahusu hasa wanaotumia maikrokontrola ya ESP32, ambayo ina kontrola ya CAN ndani yake lakini haina transiva, hivyo hulazimika kuiungia transiva ya nje. Wa pili ni volti. Moduli ya buluu iliyoenea, yenye kontrola ya MCP2515 na transiva ya TJA1050, imetengenezwa kwa volti 5. Ukiipa 3.3 ili ifanane na ESP32, kontrola itaamka na kujibu vizuri ilhali transiva haina nguvu ya kusukuma nyaya. Ukiipa 5, itarudisha volti 5 kwenye pini za ESP32 ambazo hazikuumbwa kwa ajili hiyo. Kwa ESP32 ni afadhali ununue transiva ya volti 3.3, kwa mfano SN65HVD230, uachane na moduli ya buluu.

Kasi, na kristali iliyonipotezea siku tatu

Hakuna ujumbe wa kuulizana kasi kwenye CAN. Kila kituo lazima kiijue kabla ya kuanza. Mitandao ya injini kwenye magari madogo kwa kawaida hutumia kilobiti 500 kwa sekunde, malori mengi yanayofuata kiwango cha J1939 hutumia 250, na mitandao ya milango na viti mara nyingi hutumia kasi ndogo zaidi, kama 125 au 100. Ukiwa na osiloskopu au kile kifaa rahisi cha chaneli 8 cha kurekodi ishara za dijitali, unga kwenye pini ya RXD ya transiva, utafute biti nyembamba kuliko zote kisha upime upana wake. Mikrosekunde 2 ni kilobiti 500, mikrosekunde 4 ni 250, na mikrosekunde 8 ni 125. Usipokuwa na kifaa hicho, iweke moduli katika hali ya kusikiliza tu, ujaribu kasi moja baada ya nyingine mpaka ujumbe uanze kusomeka.

Kujua kasi hakutoshi ikiwa moduli yako inajidanganya. MCP2515 hupata mapigo yake kwenye kristali iliyo kando yake, na hugawanya mapigo hayo kwa namba zinazopangwa na maktaba ya programu. Moduli nyingi za buluu zina kristali ya megahetzi 8, wakati mifano mingi ya msimbo imeandikwa kwa ajili ya megahetzi 16. Ukiiambia maktaba kwamba kristali ni ya 16 na kumbe ni ya 8, ukaomba kilobiti 500, nyayani zitatoka 250. Programu haitalalamika hata kidogo. Itachapa kwamba kila kitu kimeanza salama, kwa kuwa kutoka upande wake mazungumzo na kontrola yamekwenda vizuri.

Nilipokutana na kosa hili mara ya kwanza lilinila siku tatu, nami nalieleza kwa urefu kwa sababu majaribio mawili ambayo kila mtu huyashauri hayalioni. Jaribio la kwanza ni la moduli kujitumia ujumbe yenyewe ndani kwa ndani. Hilo lilifaulu, na lazima lifaulu, kwani kontrola inayojisikiliza hutumia saa ileile kutuma na kupokea, tena haipiti hata kwenye transiva. Kufaulu kwake kunathibitisha tu kwamba nyaya za SPI kati ya Arduino na kontrola ni nzima. Jaribio la pili ni la kuunganisha moduli mbili zizungumze. Nalo lilifaulu, kwa sababu nilikuwa nimenunua moduli mbili pacha siku moja, nikaziwekea msimbo mmoja, zote zikakosea kwa kiasi kilekile na kuelewana vizuri kabisa kwa kilobiti 250. Nilihitimisha kwamba dashibodi ndiyo mbovu, nikanunua nyingine. Siku ya tatu, nikitafuta jambo jingine, niligeuza moduli chini ya taa na kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwa kile kikopo cha fedha: 8.000.

Kwa hiyo soma kristali kwa macho yako, kwa kioo cha kukuzia ikibidi, kisha ulinganishe na mstari wa kuanzisha. Kwenye maktaba inayotumiwa sana mstari huo hubeba maneno CAN_500KBPS na MCP_8MHZ au MCP_16MHZ. Kijana wangu alikuwa na 16 kwenye msimbo na 8 kwenye kikopo. Alibadilisha neno moja, akapakia upya, na taa ya ABS iliyokuwa ikiwaka kwenye dashibodi ikazimika, kwa sababu sasa ujumbe aliokuwa akiutuma wiki nzima ulikuwa umefika.

Uliza kaunta kabla ya kukisia

Kama kasi ni sahihi na bado kuna kimya, kontrola yenyewe inajua sababu, nawe unatakiwa kuiuliza tu. Kila kontrola ya CAN huweka kaunta mbili za makosa, moja ya kutuma na nyingine ya kupokea. Kosa la kutuma huongeza 8, na ujumbe uliofaulu hupunguza 1. Kaunta ya kutuma ikifika 128, kituo huingia katika hali ya unyonge ambapo hakiwezi tena kuvuruga wenzake kwa ishara ya kosa. Ikivuka 255, kituo hujitoa kwenye mtandao kabisa. Kwenye MCP2515 kaunta ya kutuma husomwa kwenye rejista (kisanduku cha kumbukumbu ndani ya kontrola) 0x1C, ya kupokea kwenye 0x1D, na bendera za hali kwenye 0x2D. Andika mistari michache ya kuzisoma na kuzichapa kila sekunde, kwa maana mistari hiyo itakufaa kuliko kitu kingine chochote utakachokiandika.

Kaunta ya kutuma ikipanda hadi 128 na kusimama hapo hapo, huku bendera zikisoma 0x15, maana yake ni moja: unasema vizuri lakini hakuna anayeitikia. Kanuni ya CAN imeweka msamaha maalumu kwa kituo kilicho peke yake, kwamba kikishafika katika hali ya unyonge, kukosa kuitikiwa hakuongezi kaunta tena, ndiyo maana inakwama kwenye 128 na haifiki 256. Ukiona hivyo, tafuta waya uliokatika, H na L zilizopishana, dashibodi iliyolala kwa kukosa umeme wa swichi, au mwenzako uliyemweka katika hali ya kusikiliza tu, ambaye kwa hali hiyo amekatazwa kuitikia.

Kaunta ikipita 128 na kituo kikajitoa, biti zako zinaharibika nyayani. Hapo unatuma biti yenye nguvu na unasoma utulivu, kama inavyokuwa nyaya mbili zinapogusana, au mwingine anakukatiza kwa ishara za kosa kwa kuwa kasi zenu hazilingani. Kaunta ya kupokea ikipanda wakati hutumi chochote, basi unasikia lakini huelewi, na mshukiwa wa kwanza ni kasi. Kaunta zote zikiwa sifuri, na dashibodi bado haibadiliki, shukuru. Waya, kasi na kuitikiwa ni vizima, na ni sasa tu unaporuhusiwa kuushuku ujumbe wenyewe.

Maana ya baiti

Ujumbe wa kawaida una kitambulisho cha biti 11 na baiti zisizozidi 8. Hakuna kitabu kimoja kinachosema kitambulisho kipi ni cha mwendo, kwani kila mtengenezaji hupanga vyake. Njia ya uhakika ni kupata gari zima lenye dashibodi ya aina hiyo, kulisikiliza bila kutuma, na kutazama baiti zipi zinapanda pamoja na mshale husika, kwa mfano ule wa mizunguko unapokanyaga mafuta gari likiwa limesimama.

Chukua mfano wa Toyota Prius ya mwaka 2010, ambayo mpangilio wake unafahamika. Mwendo hutangazwa kwa kitambulisho 0x0B4, kwenye baiti ya sita na ya saba, kwa vipimo vya sehemu ya mia ya kilometa kwa saa, na baiti kubwa hutangulia. Kilometa 60 kwa saa ni 6,000, ambayo kwa heksa ni 0x1770, hivyo baiti ya sita ni 17 na ya saba ni 70. Ukituma hivyo na sifuri kwingineko, ujumbe unakuwa na kasoro, kwa sababu baiti ya mwisho ni ya uhakiki. Ipate kwa kujumlisha kitambulisho, idadi ya baiti na baiti saba za mwanzo, kisha uchukue baiti moja ya chini ya jumla hiyo. Kwa mfano wetu B4 na 08 ni BC, ongeza 17 upate D3, ongeza 70 upate 143, ubakize 43. Ujumbe kamili ni 00 00 00 00 00 17 70 43.

Sasa tazama jambo la kuchekesha. Ukizipindua baiti mbili za mwendo, ukatanguliza 70 na kufuatisha 17, namba inakuwa 28,695, yaani karibu kilometa 287 kwa saa, mwendo ambao Prius haijawahi kuuota. Lakini baiti ya uhakiki inabaki 43 ileile, kwa kuwa jumla haijali nani katangulia. Uhakiki hulinda dhidi ya baiti iliyoharibika, wala haulindi dhidi ya mpangilio mbaya. Kwa hiyo dashibodi inayoonyesha upuuzi iko karibu sana na kufanya kazi kuliko ile inayoonyesha sifuri. Yenye upuuzi ipindulie baiti. Yenye sifuri itafutie uhakiki, au kaunta ndogo ambayo watengenezaji wengine huiweka ndani ya ujumbe ili iongezeke kila unapotumwa.

Mshale unaopanda na kuanguka

Kosa la tatu la kijana wangu lilionekana baada ya taa ya ABS kuzimika. Mshale wa mizunguko ulipanda hadi 2,000, ukaanguka sifuri, ukapanda tena, mfano wa kuku anayedonoa. Kwenye msimbo wake kulikuwa na amri ya kusubiri milisekunde 1,000 kati ya ujumbe na ujumbe. Dashibodi haikumbuki ulichoiambia sekunde iliyopita. Hutarajia kila tangazo lirudiwe kwa muda wake, mara nyingi kati ya milisekunde 10 na 100, na tangazo likichelewa huhesabu kwamba boksi husika limekufa. Ondoa kusubiri, utumie saa ya ndani ya maikrokontrola kupanga kila ujumbe kwa zamu yake.

Adui mwingine wa muda ni kuchapa. Siriali ya 9,600 hupitisha herufi 960 kwa sekunde, hivyo mstari wa herufi 40 hula kama milisekunde 42. Katika muda huo mtandao wa kilobiti 500 uliojaa unaweza kupitisha zaidi ya jumbe 100, nayo MCP2515 ina nafasi mbili tu za kuhifadhi zilizopokewa. Zinazobaki hupotea, na bendera mbili za juu kwenye rejista 0x2D hukuonyesha hivyo. Pandisha siriali hadi 115,200, uwashe vichujio ili kontrola ikuletee vitambulisho unavyovihitaji tu.

Kuingia kwenye gari lenyewe

Kwenye gari zima anza katika hali ya kusikiliza tu, injini ikiwa imezimwa na swichi ikiwa imewashwa, mpaka usome ujumbe kwa dakika kadhaa mfululizo bila kukatika. Kituo chenye kasi isiyo sahihi kikiingizwa moja kwa moja katika hali ya kawaida hurusha ishara za kosa juu ya mazungumzo ya breki na usukani, na dashibodi itawaka taa zote kama harusi. Usiongeze rezista yako ndani ya gari, kwa sababu gari tayari lina zake mbili. Ondoa kile kijiti cha moduli, upime tena omu 60 betri ikiwa imechomolewa. Wala usitume chochote gari likiwa linatembea, kwa sababu namba ya mwendo haisomwi na dashibodi peke yake.

Kilichofanya kazi mezani kikifa ndani ya gari baada ya wiki mbili, usirudi kwenye msimbo. Kati ya Juni na Oktoba vumbi la hapa huingia kila penye upenyo, na nyaya za majaribio zilizochomekwa tu kwenye moduli hulegea kwa mtikisiko wa barabara za vumbi za mitaani. Kijana yule alinipigia simu kutoka Nzuguni akisema kaunta imekwama kwenye 128. Nilimwambia avute waya wa CAN L kwa vidole viwili, nao ukatoka mkononi mwake. Aliuchomelea kwa risasi, akaufunga kwa tepu, akapima 60.

Kaunta ikarudi sifuri.